Sababu ya Kuliuza Gari

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri ya leo, na jana jioni Mwalimu alikubali gari liuzwe. Mvua niliitarajia.

Mwalimu ni mume wangu. Watu wote wanamwita hivyo na mimi nikalichukua jina lao, kwa sababu nusu ya madereva wa mji huu walijifunza kushika usukani yeye akiwa pembeni yao. Mimi hakunifundisha. Kinyozi hajinyoi. Alijaribu siku moja tulipokuwa vijana, tukanuniana wiki nzima, na somo la pili halikuja.

Mwezi Disemba daktari wa macho alimwambia ana presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Halafu akamwambia asiendeshe tena. Mwalimu alisikia asifundishe tena. Tulikuwa chumba kimoja, viti vimegusana, na kila mtu alitoka na maneno yake. Akawaaga wanafunzi, akaondoa kibao cha herufi L juu ya paa, na kesho yake akawasha gari kwenda kununua gazeti. Gazeti analisoma bila miwani, kila neno, mpaka matangazo ya vifo. Huo ndio ushahidi wake kwamba daktari ametia chumvi. Lakini shida yake haiko mbele. Anachokitazama anakiona, na kilicho kando yake hakipo.

Jana mwanetu alikuja kupasua jipu. Nilijua kutakuwa na vita, nikaficha vikombe vizuri. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akasema, "Sawa, tuliuze. Ila nitaliuza mwenyewe, kwa njia yangu." Mwanangu alinitazama, mimi nikatazama dirishani.

Mimi ninachotaka ni kimoja tu: liondoke hapa kabla hajamgonga mtu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ameendesha kwenda kununua gazeti. Nimekwenda naye.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu amekuja kulipiga gari picha aziweke mtandaoni. Ni gari dogo, jeupe, la gia za mkono, lililozeeka kwa adabu. Viti vyake nimevishonea vitambaa mimi mwenyewe, mara mbili. Kila kitu chake ni cha kawaida isipokuwa kimoja: chini, mbele ya kiti cha abiria, kuna breki ya pili. Ni breki ya mwalimu. Mwanafunzi akipotewa na akili, mwalimu anaikanyaga, gari linasimama na watu wanarudi nyumbani wazima.

Mwanangu alitaka breki hiyo isionekane, eti wateja watajua gari limechoshwa na wanafunzi. Mwalimu alitaka ionekane kabla hata ya usukani. Wamebishana chini ya mwavuli mmoja, kila mmoja akimlowesha mwenzake, na mwisho wamekubaliana iwe picha ya mwisho. Kwenye picha ya ubavuni ninaonekana mimi nyuma, ninaanua nguo. Sikuulizwa.

Jumatano, 13 Machi

Mteja wa kwanza: mwenye duka la madaftari na kalamu, mtu mpole, tumbo mbele.

Mwalimu hakumwonyesha gari. Alimpa mtihani. Alimkalisha kwenye usukani, yeye akaketi kiti chake cha zamani, wakazunguka mtaa. Waliporudi mteja alikuwa anatoka jasho kwenye mvua. Nikasikia anaambiwa kwamba anaikalia klachi, kwamba vioo havikuwekwa pale kwa ajili ya kuchania nywele, na kwamba arudie kurudi nyuma mpaka kwenye kizingiti cha lango. Mtu mzima, mwenye duka lake, akarudia.

Pamoja na hayo yote alilipenda gari. Akalipigapiga boneti kama anambembeleza ng'ombe, akauliza swali ambalo kila mnunuzi lazima aulize: "Sasa Mwalimu, mbona unaliuza?"

Mwalimu akasema, "Gereji yangu ni ndogo."

Hatuna gereji. Gari linalala uani chini ya bati. Mteja akaliangalia bati, akaliangalia gari, akasema atapiga simu.

Jioni nimemuuliza Mwalimu kama anauza gari au anagawa leseni. Akasema hawezi kumkabidhi gari mtu asiyejua kupunguza gia kwenye kona. Binti yetu aliolewa kwa maswali machache kuliko hayo.

Jumapili, 17 Machi

Tumekwenda kumjulia hali dada yangu, goti linamsumbua. Mwalimu ameendesha polepole, akigeuza kichwa huku na huku kama kuku. Nilikaa roho mkononi, lakini kufika tumefika.

Nitaandika jambo hapa, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Tangu Disemba Mwalimu haendi popote bila mimi. Gazeti, mimi. Kinyozi, mimi. Mafuta ya gari, mimi, nikae tu pale huku pampu inahesabu. Miaka yote ya ndoa gari lilikuwa kazini na mimi nilikuwa kwenye cherehani, na tulikutana mezani tukiwa tumechoka wote wawili. Sasa akitaka kutoka ananiita: "Mama, vaa viatu." Siku ya kwanza alinisogezea hata kiti mbele, nikae vizuri. Akanishauri niache viatu vya visigino kwa sababu ya matope. Dada yangu ameona leo jinsi alivyonifungulia mlango, akaninong'oneza kwamba uzee umemlainisha. Nilijifanya sikusikia, lakini nimeyabeba maneno hayo mpaka nyumbani.

Ninaogopa anavyoendesha na ninapenda ninavyoitwa. Ndivyo nilivyo msimu huu.

Jumamosi, 23 Machi

Wamekuja mtu na mkewe, wote wauguzi. Mke ndiye dereva. Mtihani ameufanya vizuri kuliko yule mwenye duka, akapata makosa madogo mawili, na Mwalimu akaanza kutabasamu. Nikaweka chai jikoni nikijua mambo yameiva.

Mume akauliza mbona tunaliuza.

"Mke wangu hapendi rangi," akasema Mwalimu.

Wakanigeukia mimi. Nikasema ndiyo, nyeupe inashika uchafu. Yule mama muuguzi alinitazama usoni kwa muda, macho ya mtu aliyezoea kudanganywa na wagonjwa, kisha akaliinamia gari upya, akachungulia chini, akavuta mazulia, akanusa. Alikuwa anatafuta tulichokificha. Hakukipata kwa sababu hakikuwa ndani ya gari. Wakaenda zao.

Mvua imenyesha mpaka jioni. Chai ile tumeinywa wenyewe.

Alhamisi, 28 Machi

Mwanangu amemleta dalali. Mtaani wanamwita Tajiri wa Kesho, kwa sababu utajiri wake uko njiani tangu alipokuwa shuleni. Amezunguka gari mara moja tu, akatoa hukumu: injini ioshwe ing'ae, kilometa zirudishwe nyuma, breki ya pili ing'olewe, na mteja akiuliza aambiwe mwenye gari anahamia nje ya nchi.

Mwalimu alimwuliza anahamia nchi gani. Dalali akasema achague anayoipenda. Mwalimu akamwonyesha lango.

Nilimsindikiza kwa ajili ya heshima, maana mgeni ni mgeni. Pale langoni akaacha utani, akaniambia, "Mama, mimi ni mwongo wa kazi, lakini nisikilize. Mteja hanunui gari. Ananunua sababu ya kuuzwa. Gari lenu ni zima. Sababu yenu ndiyo mbovu."

Nimerudi kwenye cherehani na nimeshona mkono wa gauni kinyume.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Gazeti. Nimevaa viatu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mteja wa leo hakufika kwenye mtihani. Aliuliza palepale langoni mbona linauzwa, Mwalimu akasema anataka kubadilisha. Akaulizwa anabadilisha achukue lipi. Mwalimu, ambaye anajua kila gari lililowahi kupita barabarani, akakosa jina la hata moja.

Mchana akaja fundi anayelitengeneza siku zote. Yeye alisema kweli kwa upole. Kwamba ukiliuza zima utahangaika, lakini spea zake zinatafutwa: gia boksi, milango, taa, hata viti. Alilichambua gari kwa maneno, kipande hiki kwa fulani, kile kwa fulani. Mwalimu alisikiliza, akamshukuru, akaenda akaketi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mvua inapiga bati. Alikaa humo mpaka chakula kikapoa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari letu halijajiuza, na nimeanza kuona kwamba kila mteja anafukuzwa na jibu lilelile moja asilopewa. Nilidhani Mwalimu anawahujumu makusudi ili gari libaki. Leo nimemtazama pale dirishani na siamini tena. Anataka liuzwe. Hawezi kusema kwa nini.

Alhamisi, 11 Aprili

Ngoja niandike yote kwa mpangilio.

Alasiri dawa yake ya matone iliisha. Mvua ilikuwa kubwa, nikasema tungoje, akasema daktari alikataza kupitisha hata siku moja. Kwa mambo ya matone anamtii daktari. Nikavaa viatu. Tulifika duka la dawa salama, tukanunua, tukageuza.

Barabara ya kurudi inapita pembeni ya shule ya msingi. Watoto walikuwa wanatoka. Waipa zilikuwa zinakwenda kwa nguvu zote na bado kioo kilikuwa maji matupu. Mwalimu alikuwa ameinama mbele, anatazama katikati ya barabara. Upande wake, kutoka kwenye ukuta wa shule, nikamwona msichana mdogo wa shule, mfuko wa plastiki kichwani, anakimbia kuvuka. Hakutazama, maana mfuko ulikuwa umemfunika uso nusu.

Nilimwona vizuri kabisa. Nikangoja Mwalimu apunguze mwendo. Niliona soksi zake, moja juu, moja imeshuka. Nikangoja tena, na Mwalimu alikuwa bado anatazama mbele kwa utulivu wa mtu ambaye barabara yake ni nyeupe. Hapo mguu wangu ukashuka. Sikuuamuru. Ni mguu uliokanyaga cherehani maisha yangu yote, na ulikanyaga ile breki ya pili mpaka mwisho.

Gari liliteleza kidogo, likasimama. Msichana alikuwa mbele ya boneti. Aliweka kiganja juu yake, kama mtu anayejishikiza asianguke, akatutazama, akatengeneza mfuko wake, akavuka. Mama mmoja akatupigia kelele kutoka upande wa pili na alikuwa na haki.

Mwalimu hakuuliza nini. Hakuuliza kwa nini nimekanyaga. Alisema, "Asante."

Tulikuwa tumezima injini na mvua ilikuwa inapiga paa, na lile asante lilikaa katikati yetu. Mtu aliyeshtushwa hasemi asante. Anasema asante mtu aliyepewa kitu alichokuwa anakitegemea.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alijua ninachouliza. "Tangu wiki ile ya daktari. Nilitoka peke yangu asubuhi kwenda kununua gazeti, nikasikia kitu kimegonga kioo cha pembeni. Ilikuwa baiskeli. Mwenyewe hakuumia. Sikuiona kabisa, mke wangu. Haikuwepo, halafu ikawepo."

"Ukarudi nyumbani ukaniambia nivae viatu."

"Ndiyo."

Nikakumbuka kiti kilichosogezwa mbele. Nikakumbuka visigino. Nilikuwa nimejipamba kwa ajili ya kazi ambayo sikuambiwa nimeajiriwa.

"Kwa hiyo mimi ni breki," nikasema.

"Wewe ni macho yangu."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ni breki."

Nikanyoosha mkono, akaniwekea ufunguo kiganjani bila kuombwa mara ya pili. Tumeliacha gari pale kando ya ukuta wa shule na tumerudi kwa miguu, tumelowa mpaka mifupa. Nilimshika mkono kwa sababu kulikuwa na mtaro. Nisingemshika kwa sababu nyingine. Mwanangu amelifuata gari jioni na hajauliza kitu alipoona nyuso zetu.

Ijumaa, 12 Aprili

Sijasema naye. Yeye pia hajasema. Matone nimemtia, jicho moja, kisha la pili.

Jumapili, 14 Aprili

Nimetafakari siku hizi nikishona, na nina aibu na nilichokigundua. Ninapolala ninamwona yule msichana na kiganja chake juu ya boneti, na ninamshukuru Mungu. Lakini ninapoamka kinachoniuma si yeye. Kinachoniuma ni "Mama, vaa viatu." Nilidhani baada ya miaka yote ile nimepata mwenzi wa kutembea naye. Kumbe alipata mguu wa ziada.

Amezungumza mwenyewe wakati wa chai. Amesema fundi aitwe, alifungue gari, achukue vipande. Hataki tena mtihani wala mteja wala bei. Alisema kwa sauti ya chini na aligusagusa meza akitafuta sukari iliyokuwa pembeni yake.

Hilo ndilo nililotaka tangu mwanzo, liondoke. Basi sijui kwa nini sijafurahi.

Jumamosi, 20 Aprili

Fundi alikuja asubuhi na vifaa vyake, mwanangu akiwepo. Alianza kwa kuinama upande wa abiria, akasema ile breki ya pili ni chuma chakavu, haina mnunuzi, ataing'oa kwanza imwondokee njiani.

Nikamwambia asiiguse.

Wote watatu walinitazama. Mimi siyo mtu wa kuingilia mambo ya gari. Nikawaambia kwamba tangu Machi tunalitembeza gari kwa watu wanaoiona breki ile kama kasoro. Mwanangu alitaka kuificha, dalali alitaka ing'olewe, na hakuna mteja aliyeiulizia. Lakini wapo watu ambao bila breki ile gari halina maana kwao. Ng'ambo ya daraja kuna shule ya udereva. Kwa nini hatujawauliza?

Mwanangu alijicheka kama mtu aliyetafuta miwani akiwa ameivaa. Mwalimu hakucheka. Shule ile ni washindani wake wa miaka, na kwa maoni yake wanafundisha watu kuendesha kama wanakimbiza mwizi. Mwenye shule ni mama mmoja aliyeanza na gari moja akamnyang'anya wanafunzi polepole. Akasema afadhali vipande.

Nikamwomba fundi na mwanangu watupishe.

"Unaona haya kumuuzia, au unaona haya kumwambia kwa nini?" nikamuuliza.

Akasema ni lilelile. Kila akifungua mdomo kuwaambia wateja, neno linagoma. Akilisema tu, basi yeye si Mwalimu tena, ni mzee fulani anayeshikwa mkono mtaroni. Alisema hivyo, na mimi nilikuwa bado nina hasira naye, na nilimhurumia. Yote mawili yalikuwepo.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nikamwambia. "Kilio chetu kilikuwa na soksi moja imeshuka. Nimekwisha kusema uongo wako, nimesema sipendi rangi nyeupe. Sisemi tena. Atakayekuja akiuliza, utajibu wewe."

Fundi amekwenda na vifaa vyake. Nimemlipa usumbufu kwa chai na mkate.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua inapungua. Mwanangu amempigia simu yule mama. Atakuja Jumamosi.

Jumamosi, 27 Aprili

Amekuja peke yake, mwanamke wa makamo, suruali ya kazi, viatu bapa, daftari hakuna. Nilimtegemea awe na mdomo. Alikuwa na shikamoo. Alimwamkia Mwalimu kama mtu anavyoamkia baba mkwe, na Mwalimu aliyekuwa amejiandaa kwa vita akabaki na marahaba yake tu.

Akaomba kuliendesha. Mwalimu akaketi pembeni yake, mimi nikaingia nyuma kwa sababu nilikataa kuachwa. Alipunguza gia kwenye kona. Alitazama vioo. Alirudi nyuma mpaka kwenye kizingiti cha lango kwa mara moja, akasimamisha gari unene wa kidole kutoka ukutani. Mwalimu alitafuta kosa njia nzima na mwishowe akasema kwamba mkono wake mmoja uko chini kidogo. Yule mama akaupandisha.

Kisha wakabadilishana viti. Yule mama akaketi pa mwalimu, akaikanyaga breki ya pili gari likiwa limesimama, akaikanyaga tena, akainama akaisikiliza. Akasema imetunzwa. Hapo akauliza, akiwa bado ameinama, swali ambalo nimelisikia msimu mzima.

"Mbona unaliuza, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye usukani, mikono yake yote miwili pale inapotakiwa kuwa. Nilikitazama kisogo chake. Nilikuwa nimeapa sitamsaidia, na nilibana midomo.

"Sioni," akasema.

Yule mama akainuka.

"Mbele ninaona. Pembeni sioni. Daktari alinikataza Disemba nikaendelea. Wiki mbili zilizopita ilibaki kidogo niue mtoto wa watu, na hiyo breki uliyoikanyaga ndiyo iliyomwokoa. Aliikanyaga mke wangu. Gari halina ubaya wowote. Ubaya ni mimi."

Alikuwa amelisema, na mvua haikusimama, na hakuna aliyemcheka. Yule mama hakumpa pole za kinafiki. Alisema yeye mwenyewe alishakuja kwa Mwalimu akiwa msichana, akitaka kufundishwa, na Mwalimu alimwambia arudi mguu wake ukishafika kwenye klachi. Alikwenda kujifunza kwingine. Mwalimu akasema hakumbuki. Yule mama akasema hakutegemea akumbuke. Wakacheka kidogo, wote wawili, kwa adabu.

Halafu akapigania bei kama mfanyabiashara, na mwanangu, aliyekuwa akitungoja uani, akamjibu kama mwana wa muuza gari. Bei waliyofikia ni chini ya aliyoitaka mwanangu na juu ya ile ya fundi. Biashara haigombi. Breki inabaki mahali pake.

Jumamosi, 4 Mei

Limechukuliwa leo. Mwalimu alisimama langoni mpaka sauti ya injini ikaisha, na yeye huisikia mbali kuliko mimi. Chini ya bati uani pamebaki udongo mkavu. Kuku wa jirani wamekwisha kupaona.

Alhamisi, 9 Mei

Hajatoka nyumbani tangu gari liondoke. Gazeti analetewa. Analisoma, analikunja, anakaa. Hajaniita nivae viatu, na mimi sijauliza. Nilitaka gari liondoke pasiumie mtu, limeondoka na hakuna aliyeumia, na ninapaswa kushukuru. Lakini nilipokuwa nikitunga uzi kwenye sindano leo nimejisemea ukweli wote: ninaogopa kwamba kwa kuwa hakuna cha kukanyaga, hatakuwa na cha kuniitia.

Jumatatu, 13 Mei

Jua kidogo. Nimeshona.

Jumamosi, 18 Mei

Hakuna mvua tangu juzi. Mwanangu alikuja asubuhi na gari lake kumpeleka baba yake kwa daktari wa macho. Mwalimu alitoka amevaa shati la kola, akashuka vipandio mkono ukutani, na mwanangu akampokea pale chini. Akaniuliza kama ninakwenda nao. Nikasema nina gauni la watu, na kwamba baba ana mtu wa kumshika, nendeni tu.

Wakatoka mpaka langoni. Nikasikia mlango wa gari unafunguliwa, lakini haukufungwa. Nikasikia mwanangu anasema, "Baba, ingia, tutachelewa."

"Tunamngoja mama yako."

"Amesema ana kazi. Na mimi nipo, nitakushika."

"Wewe shika usukani," akasema Mwalimu. "Mimi namngoja mke wangu."

Gauni la watu nimeliacha chini ya sindano. Nimetoka, nikaingia nyuma, maana kwenye gari la mtoto kiti cha mbele ni cha baba, na mwanangu alikuwa bado ameushikilia mlango wa mbele. Mwalimu akaupita. Alipitisha kiganja ubavuni mwa gari mpaka akaukuta mlango wa nyuma, akaufungua, akainama. Sijawahi kumwona mtu huyu amekaa nyuma ya gari lolote.

"Baba, kiti chako kiko mbele," mwanangu akamwambia.

"Mke wangu yuko nyuma."

Akaketi pembeni yangu, akavuta mlango. Pale nyuma, chini ya miguu yangu, kulikuwa na zulia tu. Nililitazama muda mrefu kwa sababu sikutaka aone uso wangu, kisha nikakumbuka nimeketi upande asiouona, nikauinua.

Mwanangu akatugeukia, akauliza kama tumekaa vizuri. Baba yake akamwambia aendeshe asitukatize, tunazungumza. Hatukuwa tumesema neno. Tulianza baada ya kona ya kwanza.